Malengo ya Wiki Si ya Mama

Kama wewe ni mama, una ajira, na watu wanajua unapenda kusoma, basi kuna mtu ameshakuzawadia daftari la malengo. Langu la kwanza nilipewa kwenye kicheni pati yangu, miaka tisa iliyopita, katikati ya masufuria, mashuka na seti ya vikombe. Kungwi alikuwa ameshamaliza ya kwake: namna ya kumpokea mume, namna ya kuficha ya ndani yasitoke nje, namna ya kuamka kabla ya wote. Kisha dada mmoja wa ofisini akanikabidhi daftari lenye jalada gumu, akaninong'oneza: "Hayo ya kungwi yamepitwa na wakati, shoga. Hili ndilo litakusaidia."

Kila ukurasa ulikuwa wiki moja. Kila wiki ilikuwa na safu tatu: Binafsi, Familia, Nyumba. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya kujipa alama, kama mwalimu na mwanafunzi ni mtu mmoja.

Nimejaza madaftari ya namna hiyo kwa miaka tisa, kila Jumapili usiku. Leo nataka kuyashambulia, na nimeona nifanye hivyo hapa, kwenye baraza la watu wa vitabu, kwa sababu daftari la malengo nalo ni kitabu. Lina mwandishi, lina msomaji linayemlenga, na lina hadithi linayoisimulia. Tunavichambua hapa vitabu vya kila aina, riwaya tunazigombania mpaka usiku wa manane, lakini kitabu ambacho wanawake wengi wasomi wa rika langu wanakifungua kila wiki hakuna anayekigusa. Mimi nakigusa. Na nasema hadithi yake ni ya uongo.

Nielewekeni. Sina ugomvi na kupanga. Mtu anayelipa ada kwa awamu nne, kodi kwa miezi sita, na anayekaa Kimara huku ofisi iko Posta, asipopanga atapangiwa na foleni. Ninachokikataa ni kimoja: kazi za watu watano kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, halafu zikaitwa malengo yake.

Desemba iliyopita umeme ulikatika jioni, watoto wakalala mapema, nikakaa na taa ya simu nikihesabu daftari la mwaka mzima. Wiki nilizojaza zilikuwa 46. Safu ya Nyumba ilikuwa imejaa alama za vema: fua mapazia, panga makabati, safisha friji, peleka sare kwa fundi, nunua mchele wa mwezi. Safu ya Familia ilifika kama nusu. Safu ya Binafsi ilikuwa na vema 4. Nne, mwaka mzima. Mbili ni za kusuka nywele. Moja ni kung'oa jino. Ya nne ilikuwa "Soma riwaya moja", nayo niliitimiza wiki ile Nuru alipolazwa kwa malaria, maana kwenye benchi la wodi hakuna anayekutuma kitu.

Na "Maliza hadithi fupi" ilikuwa imeandikwa mara 46. Sina uhakika kama hiyo bado ni lengo au imeshakuwa kiitikio.

Unajua nilifanya nini baada ya kuhesabu? Nilijilaumu. Nikasema mimi mvivu, nashinda kwenye simu, sijui kutanguliza mambo. Nikaazimia kununua daftari jipya la Januari, zuri zaidi, lenye nafasi ya saa kwa saa. Hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka. Dawa gani hii, ambayo kila isipoponya mgonjwa ndiye anayelaumiwa, na tiba yake ni kununua chupa nyingine?

Tuangalie basi nasaba yake. Safu zile tatu hazikuanzia kwenye kicheni pati. Mtu aliyeupa mpango wa wiki umaarufu mkubwa ni Stephen Covey, Mmarekani aliyetoa The 7 Habits of Highly Effective People mwaka 1989. Wauza vitabu wa barabarani hapa mjini wanacho mpaka leo, kimepangwa mstari wa mbele, riwaya za Kiswahili zikiwa nyuma zinakula vumbi. Covey anasema usipange siku, panga wiki. Orodhesha nafasi zako maishani: mtu binafsi, mwenzi, mzazi, mfanyakazi. Kila nafasi ipe malengo machache. Mwaka 1994, katika First Things First aliyoiandika pamoja na A. Roger Merrill na Rebecca R. Merrill, ukaja ule mfano wa chombo na mawe ambao kila mtoa mada wa semina anaujua: tia mawe makubwa kwanza, changarawe na mchanga vitapata nafasi katikati.

Mfano mzuri. Mimi nina swali moja tu: chombo kinaoshwa na nani?

Covey alikuwa baba wa watoto 9. Silisemi hilo kwa ubaya, familia kubwa ni baraka. Lakini mtu wa watoto tisa akiniambia nitenge muda tulivu nitafakari wiki yangu, nataka kujua muda ule yeye ametulia, nani anawaogesha. Na nitende haki: hadithi tamu kuliko zote kwenye kitabu chake ni ile anayomkabidhi mwanawe mdogo bustani ya nyumbani. Anamwambia kazi ni kuhakikisha bustani ni ya kijani na safi, basi. Siku zinapita, mtoto hafanyi kitu, baba anajizuia asimnyang'anye kazi, mwisho mtoto analia kwamba ni ngumu, baba anamsaidia kuokota takataka, na kuanzia hapo bustani inakuwa ya mtoto kweli. Sasa hiyo ndiyo sura niliyotamani inifikie mimi. Kukabidhi kazi pamoja na wasiwasi wake. Lakini kitabu kilivyosafiri kutoka kwa mameneja mpaka kwa akina mama, sura hiyo ilidondoka njiani. Tukaletewa safu bila watu.

Mwaka huohuo wa 1989, Marekani hiyohiyo, mwanasosholojia Arlie Hochschild, akiwa na Anne Machung, alitoa kitabu kiitwacho The Second Shift, yaani zamu ya pili. Aliingia kwenye nyumba za wanandoa ambao wote wameajiriwa, akaangalia nani anafanya nini baada ya saa za kazi. Kwa kutumia tafiti za matumizi ya muda za miaka ya 1960 na 1970, alikokotoa kwamba wanawake walifanya kazi ya ziada inayofikia mwezi mzima kwa mwaka, mwezi wa siku zenye saa 24. Vitabu viwili, mwaka mmoja. Kimoja kinakufundisha kuupanga mwezi huo wa ziada. Kingine kinauliza kwa nini unao wewe peke yako. Nadhani mnajua ni kipi kilichopo pale barabarani mstari wa mbele.

Lakini nisiwasingizie Wamarekani. Sisi tuna orodha yetu, tena ya zamani zaidi na nzuri zaidi. Mwaka 1858, kisiwani Pate, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Akatunga utendi wa kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Miaka michache baadaye akafariki. Wengi wetu tumeusoma shuleni au chuoni: dini, adabu, ulimi, usafi wa nyumba, kumtunza mume. Wachambuzi wamebishana, wengine wanauona ni mnyororo, wengine wanauona ni ujanja wa mwanamke aliyejua mamlaka yamekaa wapi. Mimi naupenda. Ukilinganisha na daftari langu, ule una mama anayezungumza, anayeogopa kufa na kumwacha mtoto. Daftari langu halimpendi mtu.

Kuna mahali pamoja katika utendi ule paliponipita nikiwa chuo. Mwana Kupona anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa, isipokuwa wakati wa kazi. Mhadhiri aligusia kidogo habari za matabaka, tukaandika, tukaendelea na vina na mizani. Nilikuja kuukumbuka usia huo mwaka huu, jikoni kwangu, nikiwa nimekaa sakafuni. Nyumba ile nadhifu ya Pate ilikuwa na mikono mingine. Na yangu pia.

Ngoja niwaeleze.

Nyumbani kwetu kuna dada wa kazi. Ana miaka 24. Mimi namwita dada, na yeye ananiita dada. Lugha yetu ina adabu nzuri sana ya kumficha mwajiri. Februari bibi yake alifariki huko Singida, akaenda kuzika, akakaa wiki mbili. Jumapili ya kwanza niliandika malengo 11, kama kawaida. Nilitimiza 3. Jumapili ya pili niliandika 6, kwa unyenyekevu. Nilitimiza 2, na moja kati ya hizo ni "pumzika", ambayo niliitimiza kwa kusinzia kwenye mwendokasi mpaka nikapitiliza kituo.

Ndipo nikaelewa zile alama za vema za safu ya Nyumba zilikuwa za nani. Mapazia sikuwahi kuyafua mimi. Makabati sikuwahi kuyapanga mimi. Kwa miaka mitatu nimekuwa mwandishi wa habari anayeandika habari ya mwenzake na kuweka jina lake juu. Kwenye chumba cha habari mtu akifanya hivyo tunamtenga. Nyumbani nilikuwa nafanya kila Jumapili, tena nikijipongeza.

Alhamisi ya wiki ya pili gesi iliisha, ugali haujaiva. Baba watoto akaingia jikoni, akanikuta nimekaa chini, nimeegemea kabati. Akaniambia kwa upole kabisa, maana ni mtu mpole: "Mama Nuru, si upange tu mambo yako vizuri? Niambie nikusaidie nini."

Mambo yako. Watoto ni wetu, nyumba ni yetu, mkopo wa kiwanja ni wetu, lakini gesi ikiisha ni jambo langu. Na lile neno "nikusaidie". Mtu hasaidii kula chakula chake. Hasaidii kulala kitandani kwake. Lakini akiosha sahani aliyolia, amesaidia, na inabidi ashukuriwe. Sikuwa na nguvu za kugombana. Nilimwambia tu, "Baba Nuru, nisaidie kujua gesi inaisha lini." Akanyamaza. Hakuwa na jibu, na mimi sikutaka jibu, nilitaka mtungi.

Simwandiki hapa kumwaibisha. Rasimu ameisoma, akaniomba nifute sentensi mbili. Nimefuta moja.

Na wala hakujifundisha mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84 za malipo akijifungua, na 100 akijifungua mapacha. Baba ilimpa siku 3. Najua mwili wa mama unahitaji kupona, sibishani na hilo. Lakini mtoto analia usiku wa nne pia. Mwanamume anayerudi ofisini siku ya nne ameshaambiwa na nchi yake kwamba huyu mtoto yuko kwenye safu ya mama, yeye ni mgeni wa kuja kusaidia. Miaka minane baadaye tunashangaa hajui saizi ya viatu vya shule.

Dada aliporudi kutoka Singida nilikuwa na aibu, na aibu ilinitia wazimu wa ghafla wa haki. Jumapili usiku nikamkuta anafuta jiko, nikamuuliza, "Dada, wewe malengo yako ya wiki hii ni yapi?"

Akasimama wima. Akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Akasema, "Dada, kama ni makabati, nitayafanya kesho."

Nilimwambia sizungumzii makabati. Nazungumzia mambo yake, ya kwake. Alifikiri muda mrefu, kitambaa mkononi. Kisha akasema anataka kuongea na mtoto wake akiwa macho.

Mtoto wake ana miaka minne, analelewa na mama yake. Nilijua ana mtoto, nisiseme sikujua. Nilijua kama ninavyojua mambo mengi ninayoyaripoti. Nisichokijua ni kwamba kila anapomaliza vyombo vya usiku na kuwa huru kupiga simu, mtoto ameshalala. Jumapili ndiyo siku pekee anayoweza kumpata mapema, na Jumapili mapema ndipo mimi ninapotaka chakula kiwahi, watoto waoge, nyumba itulie, ili saa tatu nikae mezani na kalamu niandike malengo yangu ya wiki kama mama mwenye shughuli nyingi.

Sasa, msomaji, hapo ndipo daftari lilipokufa mikononi mwangu. Mama mwenye shughuli nyingi kuliko wote katika nyumba yetu hakuwa mimi. Alikuwa amesimama mbele yangu na kitambaa cha jiko, na hana hata safu.

Nilienda kukokotoa, hiyo ndiyo kazi yangu. Anaamka saa 11 alfajiri, analala saa 4 usiku. Nikitoa muda wa kula, kuoga na kupumzika mchana, zinabaki kama saa 13. Mara siku saba, ni saa 91 kwa wiki. Sheria ileile ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Nayajua haya kwa sababu nimeyaandika. Mei Mosi mbili nimeandika makala za haki za wafanyakazi, na zote mbili niliziandika nyumbani, chai ikiletwa mezani.

Ndiyo maana siwezi tena kuvumilia ule ushauri wa "amka saa kumi alfajiri kabla ya familia, utapata muda wako". Kwanza, saa kumi alfajiri siyo muda wangu, ni usingizi wangu. Pili, kwenye nyumba nyingi za aina yetu, mwenye kuamka kabla ya familia yupo tayari, na wala haamki kutafakari. Kila wiki nzuri ya mwanamke msomi wa mjini ina mwanamke mwingine chini yake anayeishikilia, na daftari limetengenezwa kwa ustadi ili tusimwone. Sisemi wote. Nasema sisi.

Najua mtakachoniambia. Wapo akina mama wasio na dada wala mume, watoto wanne, genge la nyanya mbele ya nyumba. Huyo asipopanga atakula nini? Nakubali. Lakini mwangalieni vizuri huyo mama. Huwezi kumkuta na daftari la safu tatu. Atakuwa na jirani anayemshikia mtoto, mama mdogo anayempokea mkubwa likizo, na kikoba.

Na hapo ndipo ninapotaka tujifunze, maana malengo ya wiki wanawake wa nchi hii tunayaweza sana. Nendeni kwenye kikoba chochote. Wanakutana kila wiki, siku moja, saa moja. Kila mtu ananunua hisa zake mbele ya wenzake. Ukichelewa unalipa faini. Kuna daftari, tena linaheshimiwa kuliko langu. Na kuna sanduku lenye kufuli tatu, funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Mwenyekiti hawezi kulifungua peke yake hata akitaka. Mwanamke ambaye hajamaliza darasa la saba anajua kwamba kitu cha wote hakikabidhiwi mtu mmoja, si kwa sababu ni mwizi, bali kwa sababu ni mmoja. Sisi wenye shahada tumerudi nyumbani tukachukua funguo zote tatu, tukazitundika shingoni, tukaita uwezeshaji.

Penina Muhando aliliona hili zamani. Katika tamthiliya yake Nguzo Mama ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Tulipoisoma tulijadili kwamba wanawake hawana umoja, hilo ndilo jibu la mtihani. Leo nikiifikiria nauliza jingine: nani aliamua kwamba kuisimamisha ni kazi ya wanawake tu, wakati paa litamfunika kila mtu?

Kwa hiyo nimefanya nini? Kidogo, na sikifanyi kiwe hadithi ya ushindi. Nimechukua kalenda ya mwaka jana, nikageuza upande mweupe, nikaubandika kwenye friji. Majina matano: Baba Nuru, mimi, dada, Nuru, na mdogo wake. Safu ya kwanza ni Binafsi, na kila mmoja anaandika ya kwake kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa mdogo ambaye anachora. Nyumba inakuja mwisho, na kila mstari wa Nyumba una jina la mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo na kuikumbuka. Gesi na Luku ni za Baba Nuru. Viatu vya shule ni vya Nuru, ana miaka minane, viatu haviwezi kumshinda.

Jumanne ya wiki ya kwanza Luku iliisha saa moja usiku. Giza. Watoto wote wawili wakapaza sauti kwa pamoja, "Mamaa! Umeme!" Simu ilikuwa mkononi mwangu. Pesa ilikuwemo. Dakika moja tu ningenunua. Niliwaambia, "Mpigieni baba, umeme wake umeisha." Alikuwa kwenye kikao, hakupokea. Tulikaa gizani dakika 40. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, kukaa na simu yenye pesa na kutonunua umeme. Mama mkwe akisoma hapa atasema niliwatesa wajukuu wake. Pengine. Lakini tangu siku ile Luku haijaisha tena, na mimi sijui hata imebaki yuniti ngapi. Mnaelewa raha ya kutokujua?

Si kila kitu kimekaa sawa. Kuna wiki karatasi haikuguswa. Kuna mara mbili nimemwona Baba Nuru anamwambia dada afanye kilichoandikwa kwa jina lake yeye, na kuna mara moja nimefanya hivyo mimi. Safu yangu ya Binafsi bado inasema "Maliza hadithi fupi". Makala hii yenyewe imechukua wiki tatu.

Na nyie ndugu zangu mnaochambua vitabu hapa, nina ombi. Kitabu kijacho cha kumfundisha mama kupanga wiki yake, mkikipata, msikipokee kwa "kitamsaidia sana mwanamke wa leo". Kisomeni kama mnavyosoma riwaya. Ulizeni ni wahusika gani wamo ndani ya nyumba hiyo na hawakupewa jina. Ulizeni wakati mhusika mkuu amekaa na kalamu, sauti ya maji jikoni inatoka kwa nani.

Dada sasa Jumapili ni yake kuanzia saa nane mchana. Sheria inasema saa 24, najua, bado nadaiwa. Jumapili ya kwanza hakujua aende wapi. Alioga, akavaa gauni la njano ambalo sikuwahi kuliona, akatoka, akakaa kibarazani na simu. Nilikuwa ndani, dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia sauti ya mtoto anahesabu, moja mpaka kumi, anaruka saba. Mama yake akawa anamrudisha, taratibu. Akahesabu tena, akaruka saba tena. Wote wawili wakacheka.

Vyombo vya mchana vilikuwa bado kwenye sinki. Kwenye karatasi, Jumapili ilikuwa na jina la Baba Nuru. Nikavipita, nikaenda kuandika.